PET-CT baada ya saratani ya koo: kwa nini usubiri miezi mitatu, na kwa nini zisipigwe kila mara

Mkuu, umeuliza kwa nini daktari amekuambia usubiri miezi mitatu baada ya mionzi ndipo upigwe PET-CT, na kwamba ikitoka safi hatakupangia nyingine bila sababu. Unaona kama wanakutelekeza. Mimi nilikuwa na saratani ya tonsili iliyofika kwenye tezi za shingo, nikapewa mionzi pamoja na cisplatin, dawa ya kemo. Nakujibu kama mgonjwa mwenzio, si kama daktari.

Kipimo hiki hutafuta sehemu zinazokula sukari kwa kasi. Unachomwa sindano ya sukari yenye mionzi kidogo, kisha mashine inaangalia imejikusanya wapi. Tatizo ni kwamba nyama iliyoungua kwa mionzi, ikiwa bado inapona, nayo inakula sukari hiyohiyo. Ukiwahi mno, koo zima linang'aa na hakuna wa kukuambia kama ni ugonjwa au kidonda. Ndiyo maana ya wiki 12. Kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016, wa wagonjwa 564: nusu walipangiwa kupasuliwa shingo moja kwa moja, nusu wakasubiri PET-CT ya wiki 12 na kupasuliwa pale tu ilipobidi. Uhai haukupishana, lakini kundi la kwanza lilifanyiwa upasuaji 221, la pili 54 tu.

Siku yenyewe hauli kwa saa kadhaa, maji matupu ruksa. Ukishachomwa sindano unalala kimya kama saa nzima. Niliambiwa nisiongee wala nisitafune hata bigijii, maana misuli ya taya na ya sauti ikifanya kazi inavuta sukari, na kwetu sisi hapohapo ndipo panapotazamwa. Omba na blanketi: baridi huamsha mafuta fulani ya shingoni, nayo yanang'aa. Mwenye kisukari aseme mapema, wakati wa kupangiwa tarehe.

Majibu yangu yalisema tonsili safi, ila tezi moja ya kushoto "bado ina mng'ao hafifu". Usingizi ulinipaa. Daktari wala hakushika kisu. Alisema tezi za saratani inayotokana na kirusi cha HPV, kama yangu, huweza kuchelewa kusinyaa hata ugonjwa ukiwa umekufa. Tukarudia baadaye, ikawa imezima. Kwa hiyo ikitoka safi, iamini sana. Iking'aa, hapo ndipo maswali yanaanza, na mwenye neno la mwisho ni maabara iliyopima kinyama kilichokatwa. Usikubali kuhukumiwa kwa rangi ya picha.

Baada ya hapo, kwa mtu asiye na dalili, skani za mfululizo hazijathibitika kurefusha maisha. Zinaibua vivuli vya kukukatisha vinyama bure. Saratani hizi zikirudi, nyingi hurudi ndani ya miaka 2 ya mwanzo, kwa hiyo kliniki ndiyo usiikose: mwaka wa kwanza kila mwezi 1 hadi 3, kamera ikipitishwa puani na vidole vikipapasa shingo. Kwa ugonjwa wa mahali pasipofikika hivyo, mfano chini ya fuvu, MRI (skani ya sumaku) inaendelea kuwa na kazi. Aliyevuta sigara miaka mingi aulizie pia CT ya kifua, kuangalia mapafu.

Usisubiri tarehe ya kliniki ukiona uvimbe mpya shingoni, sauti kukwaruza isiyoisha, chakula kukwama, kidonda kisichopona, au sikio kuuma upande mmoja na wakikagua sikio lenyewe ni zima. Hilo la sikio wengi hulipuuza, kumbe maumivu yanatoka kooni.

Nje ya skani: mionzi ya shingo hudhoofisha tezi ya thairoidi polepole, basi damu ipimwe TSH (homoni inayoonyesha kama thairoidi inafanya kazi vizuri) kila miezi 6 hadi 12. Mimi uchovu na kuhisi baridi kulikonitia hofu kwamba ugonjwa umerudi kuliisha kwa kidonge kimoja cha asubuhi.