Upendo wa nyumbani ndio unaonishinda

Mmeuliza: "Kati ya aina za upendo tunazofundishwa kanisani, upi ni mgumu zaidi kuuishi?" Wengi watajibu agape. Mimi najibu storge, upendo wa ndugu wa damu.

Semina za ndoa hapa Dar nimehudhuria kadhaa, na ubaoni huandikwa maneno yale yale manne ya Kigiriki: eros ya wapenzi, filia ya marafiki, storge ya jamaa, agape ya Mungu. Storge hupewa sentensi moja, mwalimu anakimbilia agape. (Mgawanyo wenyewe haujanyooka hivyo. Dema alipomwacha Paulo kwa kuupenda ulimwengu, 2 Timotheo 4:10, kitenzi ni kile kile cha agape. Eros haimo kabisa katika Agano Jipya.) Storge nayo tunaijua zaidi kwa kukosekana: Warumi 1:31 inataja watu "wasiopenda jamaa zao", na kwa Kigiriki ni neno moja tu, astorgos, wasio na storge.

Mmoja wao nilikuwa mimi. Mama amepooza upande mmoja, yuko Kigamboni kwa dada. Mimi nakaa Kimara. Mwendokasi hadi Kivukoni, pantoni, bajaji, nimefika. Lakini mwaka juzi ilipita miezi minne sijavuka. Miezi hiyo hiyo nilikuwa kwenye kamati ya ujenzi wa kanisa. Niliahidi shilingi 600,000, nikazimaliza kabla ya wakati, nikapigiwa makofi mbele ya madhabahu. Dada alipoomba hela ya pampasi za mama nilimwambia mwezi umekaa vibaya.

Jumamosi moja kwenye jumuiya zamu ya kusoma ikaniangukia, Marko 7. Yesu anawasuta Mafarisayo kwa desturi yao: mtu anamwambia mzazi kwamba kile ambacho angemsaidia nacho ni Korbani, yaani wakfu, basi mzazi hapati kitu. Nilifika mstari wa 12 sauti ikakauka. Mwenyeji akaniletea maji, akidhani ni vumbi.

Mgeni ukimsaidia anakushukuru, unarudi kwako umetulia. Nyumbani hakuna asante. Dada ananipokea na ndoo ya nguo za kufua na hesabu ya miezi niliyopotea, na hesabu yake haikosei. Tena kuna deni la zamani: mama alimpenda kaka yetu kuliko sisi wote, wala hakuwahi kuficha. Kaka alifariki. Sasa kumbukumbu zimemchanganyikia mama, na mimi ndiye ninayemgeuza kitandani na kumlisha uji.

Jumamosi iliyopita nilivuka tena. Akanishika mkono kwa ule wake mzima, akatabasamu, akaniita kwa jina la kaka. Nikaitika.

Msomaji, Kimara