Re: Ndege nyumbani Laisamis, maji ni ya kununua

Dada, unauliza utawavutaje ndege uani huko Laisamis, kaskazini mwa Kenya, ilhali maji ni ya kununua kwa mtungi. Huhitaji mengi. Chukua karai pana, lisizidi kina cha vidole vitatu, weka jiwe katikati wasizame, ulitie kivulini maji yasikauke upesi. Maji ya kuoshea mchele yanafaa. Yenye sabuni, hapana. Lisugue kila siku, maana kinyesi chao huambukiza maradhi. Kwenzi na kwera watafika wenyewe.

Firigogo, wale ndege wa nchi kame wanaofanana na njiwa, ni habari nyingine. Hao hutua mahali peupe, wanapoweza kumwona adui akija, kwa hiyo wawekee sahani ya pili mbali na vichaka. Kaa na darubini asubuhi jua likishapanda: dume hulowesha manyoya ya tumbo, kisha huruka kuwapelekea makinda maji. Mimi ningeacha chai ipoe kwa hilo.

Mbuzi watakumalizia yote, hivyo zungushia miiba, duara pana. Nyoka nao hupenda maji. Yaweke mbali na mlango. Na ile migunga iliyokauka, usiikate kuni yote. Vigong'ota hutoboa viota humo.