Kimo cha kutoka wapi? Kwa mnaoanza kurusha droni za afya Nyanda za Juu Kusini

Kamwene wadogo zangu. Mmekuja wengi, mna vidole vyepesi kwenye rimoti, na tayari naona yaleyale makosa ya zamani yakirudi. Mlipuko wa ugonjwa ukifika hautasubiri tujifunze, kwa hiyo yashikeni haya sasa hivi.

1. Kimo. Hapa nitakaa muda.

Wengi wenu mfano wenu ni Ukerewe: mwaka 2018 droni ilitoka Mwanza na dawa, kilomita 60, kwa dakika 40 hivi. Ni kazi nzuri, lakini ile ni njia ya ziwani, na maji hayana mlima. Huku kwetu Kyela iko kwenye mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, Kitulo inapita 2,600, na kwa mstari wa ndege umbali kati yake haufiki kilomita 70.

Kosa lenyewe huanza hivi. Njia imepangwa ofisini, pa kurukia ni kwenye uwanja wa kituo cha afya. Katikati kuna mgongo wa mlima, umeacha mita 60 juu ya ardhi, umeridhika. Asubuhi mnafika, ni siku ya kliniki, akina mama na watoto wamejaa uwanjani. Mmoja anasema, "Jamani, twendeni pale chini kwenye uwanja wa mpira." Pale chini ni mita 40 chini kweli, na hakuna anayegusa mpango. Droni ikishawashwa na kuwa tayari kuruka, pale iliposimama ndiyo sifuri yake ya kimo. Pointi zote za njia ulizoandika huhesabiwa kutoka hapo, kwa hiyo zimeshuka nayo mita 40. Zile 60 zimebaki 20, na juu ya mgongo wa mlima kuna mikaratusi ya mita 25.

Mtasema mngeiona miti kwenye ramani. Hamtaiona. Ramani nyingi za mwinuko mnazopakua zinatokana na vipimo vya rada vya SRTM, vilivyochukuliwa kutoka angani Februari 2000. Shamba la miti lililopandwa baada ya hapo halimo, na nyie mnajua jinsi watu walivyopanda miti Mufindi na Njombe. Skrini inakuambia njia ni nyeupe huku droni inaingia kwenye matawi na sampuli za makohozi. Propela zinanunuliwa. Mzee aliyeshuka mlima kwa miguu alfajiri kuja kukohoa kwenye kikopo, huyo inabidi aitwe tena, na hilo ndilo linaloniuma.

Mkihamisha pa kurukia, toeni propela, washeni droni pale palipopangwa awali, itembezeni mikononi bila kuizima mpaka mahali papya. Ikisoma kushuka mita 40, ongezeni 40 kwenye kila pointi, na pia kwenye kimo cha kurudi nyumbani, yaani kile droni inachokishika ikirudi yenyewe ilikorukia. Hicho cha kurudi ndicho kinachosahaulika zaidi, na mawasiliano hukatika nyuma ya mlima, mahali hasa ambapo droni itakitegemea. Hesabuni nafasi kuanzia vilele vya miti. Kisha angalieni kama bado mko ndani ya kimo kilichoandikwa kwenye kibali.

2. Betri. Kwenye mita 2,600 hewa imepungua uzito kwa karibu robo ukilinganisha na pwani, na mota zinahitaji nguvu kama asilimia 14 zaidi ili tu kuelea. Juni na Julai ongezeni baridi ya Makete: betri iliyolala nje inaonyesha volti 4.2 kwa seli kama iliyojaa, ukiipa mzigo inaporomoka. Ilale ndani, isafiri chini ya koti, iruke ikiwa na nyuzi 20 au zaidi. Ikifika volti 3.5 kwa seli angani, uwe unatua.

3. Barafu. Pakiti ya barafu ya kupoozea boksi ikitoka kwenye friza iache nje mpaka ukiitikisa usikie barafu inacheza ndani ya maji. Chanjo ya pentavalenti au ya homa ya ini B ikiganda imekufa, na kuiyeyusha hakuifufui. Sampuli za UVIKO-19 nazo hukaa nyuzi 2 hadi 8, mwisho saa 72. Fungasheni tabaka tatu: chupa, kisha mfuko usiovuja wenye kitambaa cha kunyonya, kisha boksi gumu lenye alama ya UN3373, ile ya sampuli za kibiolojia. Mfuko uwe wa kuhimili shinikizo la kPa (kilopaskali) 95, kwa sababu ukipanda kutoka Kyela unavimba, na kizibo kilicholegea kitavuja.

4. Kibali ni TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) na Wizara ya Ulinzi. Mwenyekiti wa kijiji naye aambiwe kabla, maana boksi likianguka, wa kwanza kulifikia ni watoto.

5. Roboti za wodini, kwa watakaoagizwa nazo pia. Pimeni vizingiti vya milango kabla ya kuagiza. Wodi zetu nyingi zimejengwa kwenye miteremko, na ngazi moja inatosha kuisimamisha. Za kuua vijidudu kwa mwanga hazisafishi kivulini, hivyo chini ya kitanda bado ni kitambaa na klorini.

6. Ukungu wa Rungwe. Usipoona mti ulio mita 500, usirushe. Kila siku ya kuruka awepo bodaboda wa akiba, tanki limejaa, na namba yake iwe kwa mtu wa maabara pia.