Mtoto wangu ni rafiki wa kila mtu

Jumamosi tukishuka kutoka Kadutu, hapa Bukavu, motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, alimwita mwanangu: "Kijana, kuya nikubebe!" Mtoto akasimama, akanigeukia: "Mama, huyu tunamjua?"

Ana miaka 11. Swali hilo nimelifundisha miaka 4. Nililia palepale barabarani, watu wakadhani nimeibiwa.

Basi dada uliyeniandikia kutoka Goma, ambaye binti yako hukumbatia hata askari wa barabarani, ukauliza ufanyeje, nakujibu leo.

Wangu ana sindromu ya Williams, hali ya kuzaliwa nayo inayomfanya mtoto ampende na kumwamini hata asiyemjua, iliyoelezwa mwaka 1961 na daktari wa New Zealand. Kwenye kromosomu ya 7 kumekosekana kipande kidogo. Ndani yake imo jeni ya elastini, protini inayofanya mishipa ya damu ivutike, ndiyo maana mshipa mkubwa wa moyo huweza kuwa mwembamba. Sisi tuligundua kwa ajili ya moyo. Tabia yake kila mtu aliisifu tu: mtoto mchangamfu!

Mpaka alipopotea sokoni, akiwa na miaka 6. Nilimkuta baada ya saa mbili, amepakatwa na muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, anaimba, na majina ya watoto wa yule mama ameshayajua yote. Yule alikuwa mwema. Angekuwa mwingine?

Wifi yangu akasema sikumlea, ndiyo maana hana haya. Bado inaniuma. Jamani, kromosomu haikatiki kwa kukosa kiboko! Mara nyingi hutokea tu kabla mimba haijatunga, bila kosa la mzazi yeyote. Wenye sindromu ya X dhaifu nao, hali nyingine ya kuzaliwa nayo, wengi hukwepa macho ya watu, na wao huambiwa wana kiburi. Tutawasema wangapi?

Usimfundishe kuogopa, hataweza. Mfundishe kuuliza. Wa nyumbani anakumbatiwa, jirani anapewa mkono, mgeni anapungiwa. Sisi tunaiimba, maana muziki anaupenda kuliko chakula. Rudia kila asubuhi. Ukichoka, rudia. Na ninyi wapita njia, acheni kuwabeba watoto wa watu! Mnafurahi dakika moja, mnatubomolea kazi ya mwezi.

Kuna jambo moja sijalipatia dawa. Huyu anayesalimia mtaa mzima hana rafiki. Wenzake humcheka kidogo, kisha wanakimbilia mpira. Siku yake ya kuzaliwa nilipika wali wa watoto 10. Alikuja muuza sambaza, na binti zake wawili.