Barua kwa Mwanangu: Wu Lei Hakurudi Shanghai kwa Kushindwa

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani Tanga. Mama yako na wadogo zako hawajambo, na wanakutakia kheri katika mitihani. Barua yako nimeipata, na nimeona unavyobishana na wenzako wa chuoni huko Shanghai juu ya Wu Lei, mshambuliaji wa timu ya taifa ya China. Nusu yao wanamwita shujaa wa taifa. Nusu wanasema alipelekwa Hispania ili jezi ziuzwe, akashindwa, kisha akarudi nyumbani kufunga mabao mepesi. Umeniuliza mimi, kwa kuwa nimefundisha mpira vijana kwa muda mrefu na nilimfuatilia mchezaji huyo tangu alipotua katika mji wa Barcelona, ni upande gani ulio sahihi. Kwa maoni yangu hakushindwa, ingawa wanaomkosoa wana hoja mbili tatu za kweli ambazo hupaswi kuzipuuza.

Ukitaka kumwelewa, anza na kisiwa cha Chongming, pale mto Yangtze unapoingia baharini, ambapo bila shaka unaweza kufika kwa basi kutoka hapo ulipo. Huko ndiko Xu Genbao, kocha aliyeipa Shanghai Shenhua ubingwa wa mwaka 1995, alikojenga shule yake ya mpira mwaka 2000 na kukusanya watoto wadogo kutoka miji mbalimbali. Wu Lei, mzaliwa wa Nanjing, alikuwa mmoja wao. Mwaka 2005 mzee huyo aliianzisha klabu ya Shanghai East Asia kwa kutumia watoto wale wale, akaiingiza daraja la tatu, na Septemba 2006 Wu Lei akacheza mchezo wa ligi akiwa na umri wa miaka 14 tu, jambo ambalo hakuna mchezaji wa kulipwa nchini China aliyewahi kulifanya akiwa mdogo kuliko yeye. Timu ikapanda daraja la pili, ikakaa huko miaka kadhaa, na mwishoni mwa mwaka 2012 ikapanda Ligi Kuu ikiwa bado inabebwa na vijana wa kisiwani. Mimi niliyezoea kuona vipaji vya hapa kwetu vikisambaa kabla havijakomaa, kwa kukosa mtu wa kuvikalia pamoja, naiheshimu kazi ya Xu Genbao kuliko usajili wowote wa mamilioni uliofuata.

Mamilioni yenyewe yalikuja. Kampuni ya bandari ya Shanghai iliichukua timu, nayo kama klabu nyingine kubwa za China ikaanza kununua nyota wa nje: Elkeson, Hulk, Oscar. Katika miaka ile karibu kila klabu ilimweka mgeni katikati ya safu ya ushambuliaji, na mshambuliaji wa Kichina akasukumwa pembeni au benchi. Wu Lei naye alicheza sana pembeni, lakini hakukaa benchi. Mwaka 2018 alifunga mabao 27, akawa mfungaji bora wa ligi iliyokuwa imetawaliwa na wageni kwa muda mrefu, na timu yake ikatwaa ubingwa ambao Guangzhou Evergrande walikuwa wameushikilia kwa misimu saba mfululizo. Wenzako wanaosema hakuwa mchezaji kabla ya kuondoka, waombe wakutajie mshambuliaji mwingine wa Kichina aliyefanya hivyo katika kipindi kile.

Sasa Hispania. Januari 2019 alisajiliwa na Espanyol, klabu ya mji wa Barcelona iliyokuwa ikimilikiwa wakati huo na mfanyabiashara wa Kichina, Chen Yansheng. Kwamba biashara ilikuwamo katika usajili ule ni kweli, na sioni sababu ya kuificha. Lakini mmiliki anaweza kukununulia tiketi ya ndege. Hawezi kukufungia bao. Machi 2 mwaka huo aliwafunga Valladolid, akawa Mchina wa kwanza kufunga katika ligi kuu ya Hispania. Mei 18, siku ya mwisho ya msimu, Espanyol walihitaji ushindi dhidi ya Real Sociedad ili wapate nafasi ya kucheza Ulaya, ambako hawakuwa wamefika kwa miaka 12. Walishinda 2-0, na bao la pili lilikuwa lake.

Kilichofuata ndicho watu wanakiruka wanapomhukumu. Kocha Rubi aliondoka kwenda Betis, na mshambuliaji Borja Iglesias akauzwa huko huko. Beki Mario Hermoso akaenda Atlético Madrid. Msimu wa 2019–20 Espanyol walikuwa na makocha wanne, kila mmoja na mpango wake, na timu ikazama mkiani. Hata hivyo, Januari 4, 2020, walipowakaribisha mahasimu wao wa mji huo, klabu ya Barcelona, Wu Lei aliingia kutokea benchi, na katika dakika ya 88, timu ikiwa nyuma 2-1, alipenyezewa mpira ndani ya eneo la hatari, akapiga shuti la chini lililompita kipa na kutinga kona ya mbali. Mchezo ukaisha 2-2. Hakuna Mchina mwingine aliyekuwa amewahi kuzitikisa nyavu za Barcelona. Miezi miwili baadaye akaugua korona, na Julai timu ikashuka daraja katika uwanja wa hao hao Barcelona, kwa kipigo cha 1-0. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Espanyol kushuka tangu mwaka 1993.

Mwezi ule ule wa Januari 2020, Mbwana Samatta wetu alitua Aston Villa, akafunga katika mchezo wake wa kwanza wa Ligi Kuu ya Uingereza, na kabla mwaka haujaisha akapelekwa Uturuki. Sisi hapa nyumbani hatukumhesabu kuwa ameshindwa, kwa sababu tulijua ameingia timu iliyokuwa ikipigana isishuke, na tulijua ametokea wapi. Waambie wenzako wampe kijana wao kipimo hicho hicho.

Hoja yao iliyo na uzito ni ya kiufundi. Wu Lei ni mchezaji wa kukimbilia nafasi nyuma ya mabeki. Anasoma mapema mpira utakapopita, anaanza mbio kabla haujapigwa, na anapomalizia hahangaiki na madoido. Mpe kiungo anayeona mbali, atakupa mabao. Lakini mwambie apokee mpira akiwa ameupa mgongo lango, na beki mwenye kilo 90 amemwegemea, hapo utaona udhaifu wake, nao haukuondoka kwa miaka yote aliyokaa Hispania. Espanyol iliyozidiwa, inayojihami saa nzima na kupiga mipira mirefu, ilihitaji mtu wa kuushikilia mpira mbele. Mshambuliaji mwenzake, Raúl de Tomás, alikuwa mtu huyo, na ndiyo maana timu ilipotwaa ubingwa wa daraja la pili mwaka 2021 na kurudi juu, Wu Lei alikuwa anaingia zaidi kuliko anavyoanza. Alicheza michezo zaidi ya 120 kwa jumla katika misimu mitatu na nusu. Mabao hayakufika 20. Kwa mshambuliaji wa Ulaya hesabu hiyo ni ndogo, na ukibisha katika hilo utaonekana hujui mpira.

Kitu kingine kilichomchosha, ambacho mimi nakiona kikubwa, ni mzigo wa timu ya taifa. China imecheza Kombe la Dunia mara moja tu, mwaka 2002, na kila kampeni ya kufuzu tangu hapo imekuwa na mtu mmoja wa kubebeshwa matumaini ya nchi nzima. Katika miaka hiyo alikuwa yeye. Kwa sababu ya masharti ya karantini, China ilicheza baadhi ya michezo yake ya nyumbani Sharjah, katika Falme za Kiarabu, na huko Oktoba 2021 aliwafunga Vietnam mabao mawili, la pili katika dakika za majeruhi, China ikashinda 3-2. Kisha Februari 2022 Vietnam hao hao wakalipiza 3-1, na safari ya Qatar ikaishia hapo.

Agosti 2022 alirudi Shanghai, klabu ile ile, ambayo sasa inaitwa Shanghai Port. Walichukua ubingwa mwaka 2023 na 2024, na katika msimu huo wa pili alifunga mabao 34, rekodi ya ligi, akiwa na umri wa miaka 32. Hapa nakuomba uwe mwangalifu usije ukazidisha sifa. Ligi aliyorudia haikuwa ile aliyoiacha: pesa zilikuwa zimekauka, mishahara imewekewa kikomo, Jiangsu walikuwa wamevunjika mwaka 2021 miezi michache tu baada ya kutwaa ubingwa, na nyota wengi wa nje walishafungasha. Tena nyuma yake alikuwapo Oscar, aliyeijua mbio yake hata kabla haijaanza. Na katika Kombe la Mataifa ya Asia la mwanzoni mwa 2024, China haikufunga hata bao moja katika michezo mitatu, na yeye mwenyewe alikosa nafasi ya wazi dhidi ya Lebanon.

Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba mabao 34 yanamfanya mchezaji wa kiwango cha juu cha Ulaya, mkatalie. Akikwambia kwamba mabao yasiyofika 20 Hispania yanafuta mabao 27 ya mwaka 2018, mkatalie pia. Mtoto wa Chongming alipanda madaraja yote ya nchi yake bila kuruka hata moja, akatoka akiwa na miaka 27, umri ambao kujifunza lugha, mbinu na mwili mpya ni kazi nzito, na bado akaacha mabao mawili yanayokumbukwa katika mji wenye klabu mbili zinazochukiana.

Mkirudia mjadala huo, tafuteni mkanda wa bao la Real Sociedad mwangalie pamoja. Usiwaonyeshe shuti, waonyeshe anavyosogea kabla mpira haujamfikia.

Ni mimi,
Baba yako.