Cheki sain kwanza kabla hujaacha lapi ikirun usiku kucha

Hii kazi ya kusimuleti gesi ya elektroni kwa joto kali niliianza vibaya, wacha niwaambie. Niko kwa bedsita Roysambu na lapi moja, nikaona nianze na kubwa: elektroni 33, spini (sumaku ndogo ya kila elektroni) zote upande mmoja, rs 1 (rs ni umbali kati ya elektroni, ikiwa ndogo zimesongamana), joto nusu ya joto la Fermi (kiwango ambacho chini yake sheria za kwantum zinatawala), yaani karibu Kelvini 460,000. Siku tatu feni inalia kama mashine ya kusaga unga, stima ikapotea mara mbili na programu haikuwa inasevu kitu njiani so nikaanza upya, na mwishowe nikapata nishati yenye kosa kubwa kuliko nishati yenyewe.

Nikapigia supavaiza. "Sain ni ngapi?"

"Sain gani, Daktari?"

Akacheka mpaka nikaskia aibu.

Iko hivi. Kwa hii Monte Carlo ya njia za Feynman (kompyuta inachagua kwa bahati nasibu njia ambazo elektroni zinaweza kupita) kila elektroni ni kama mkufu wa shanga. Joto likiwa juu mkufu unajikunja, kila mmoja na yake. Ukipoza inapanuka, inashikana, na elektroni mbili zikibadilishana nafasi unaandika hasi, zingine zinaleta chanya, mwisho zinakulana kinabaki kiduchu. Hicho kiduchu ndio sain: 1 ni safi, ikikaribia 0 umeumia. Yangu ilikuwa imemezwa na kelele kabisa. Hata ingekuwa 0.001, kosa linagawanywa kwa sain, yaani linakuwa mara 1,000, na kulipunguza mara 1,000 kunataka sampuli mara 1,000 × 1,000, so ningehitaji sampuli mara 1,000,000, na siku tatu mara milioni ni zaidi ya miaka 8,000!

Kwa hivyo anza na elektroni 4, joto mara 8 ya Fermi, ushuke polepole ukiandika sain kila hatua. Ikifika 0.1 ujue tayari unalipa mara 100. Ukiongeza elektroni nenda 7, 19, 27, hapo ganda (ngazi za nishati) zimejaa.

Kuna watu hukwepa sain kwa kufunga nodi, yaani kukataza njia zivuke mpaka wa kukisia pale alama inageuka, kina Brown na Ceperley walifanya hivyo 2013, lakini 2015 kundi la Bonitz kule Kiel, Ujerumani, likaonyesha msongamano ukizidi zile namba zinapotoka. So hiyo shortikati pia uishike na tahadhari.

Saa hii narun 7, joto mara 2, sain inacheza 0.6 hivi, na inasevu kila dakika kumi. Stima ipotee tu.