Kwa mnaoanza upumuaji wa seli: fuateni elektroni

Nimemaliza kusahihisha majibu yenu kuhusu upumuaji wa seli, yaani jinsi seli inavyovunja glukosi ili kupata nishati. Makosa ni yale yale waliyofanya kaka na dada zenu waliowatangulia, na kwa kuwa nawapenda, leo nitasema kwa ukali kidogo.

1. Msikariri majina ya mzunguko wa Krebs kabla ya kujua kazi yake. Mzunguko hung'oa elektroni kwenye mabaki ya glukosi na kuzikabidhi kwa NAD na FAD, wabebaji wa elektroni. Kwa kila glukosi huzunguka mara 2 na kuwapa ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) 2 tu. Utajiri uko kwenye NADH, yaani NAD iliyokwisha kubeba elektroni.

2. Oksijeni huenda wapi? Hapa mnaanguka wengi. Mwanafunzi mmoja hodari alinichorea hatua zote 8 za mzunguko bila kukosea. Nikamwuliza swali hilo, akajibu papo hapo: inaungana na kaboni ya glukosi, inatoka kama kabonidayoksaidi. Nikamwomba anionyeshe kwenye mchoro wake inapoingilia. Akapitisha kidole mzunguko mzima, akarudia, hakuiona. Akakimbilia mlinganyo: si inaingia oksijeni, inatoka kabonidayoksaidi? Ni kweli, lakini mlinganyo hutaja vilivyoingia na vilivyotoka tu. Hausemi atomu ipi ilikwenda wapi. Oksijeni iliyo ndani ya kabonidayoksaidi imetokana na glukosi yenyewe na maji. Ile tunayoivuta husubiri mwisho wa mnyororo wa protini zinazopokezana elektroni, kwenye utando wa ndani wa mitokondria, sehemu ya seli inayotengeneza ATP nyingi. Molekuli 1 hupokea elektroni 4 na protoni 4, yanapatikana maji, molekuli 2.

Bado alisita, nikamtajia sianidi. Sumu hiyo huziba kimeng'enya cha mwisho cha mnyororo. Damu imejaa oksijeni, ila elektroni hazina pa kushukia. NADH inarundikana, NAD inakwisha, na mzunguko unasimama ingawa wenyewe haugusi oksijeni hata chembe. Akachukua kifutio bila kuambiwa. Jamani, swali hili lijibuni kwanza, majina yatakuja yenyewe!

3. Hamira haigeuzi pairuveti, zao la glukosi iliyovunjwa, kuwa ethanoli ili ipate ATP. ATP zake 2 ilishazipata kwenye glaikolisisi, hatua ya kwanza ya kuvunja glukosi. Inachotaka ni kurudishiwa NAD ili glaikolisisi iendelee. Misuli inayotengeneza laktiki, vivyo hivyo.

4. Mnagombana kama glukosi moja hutoa ATP 36 au 38. Makadirio ya sasa ni 30 hadi 32, maana utando huvujisha protoni, na kusafirisha vitu kuupita kuna gharama. Elektroni zinapopita kwenye mnyororo, protoni hurundikwa upande mmoja wa utando, na zinaporudi huzungusha kimeng'enya kinachounda ATP. Mwanabiokemia Mwingereza Peter Mitchell alitoa hoja hii ya protoni mwaka 1961, akapingwa miaka mingi, akapata Tuzo ya Nobeli 1978. Hoja hiyo huwa inanisisimua kila ninapoifundisha, nanyi mnaivuka kwa mstari mmoja!

5. Mimea hupumua usiku na mchana. Basi.

6. Jaribio la mbegu zinazoota: themosi moja ina mbegu hai, nyingine ina zilizochemshwa, nanyi mnapima joto. Kundi moja liliona joto linapanda kwenye themosi ya mbegu zilizochemshwa, likafuta namba na kuandika nyingine. Msithubutu. Mbegu zimekufa, lakini bakteria na kuvu walio juu yake wanapumua na kutoa joto. Osheni mbegu za themosi zote mbili kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kuziba, na namba mtakayoiona, iandikeni hiyo hiyo.